Mahojiano ya Watungaji katika Redio: Swali, Jibu na Lugha

Miongoni mwa maandiko yanayotumiwa na wachunguzi wa fasihi ya Afrika, yako ambayo hayakuanza kwa kalamu. Hayo ni mahojiano ya redio: mtungaji huketi mbele ya kinasa sauti, huulizwa juu ya maisha yake, kazi zake na watu waliomlea, na baadaye maneno yake hunakiliwa na kupigwa chapa. Aghalabu maneno hayo hutajwa kana kwamba yalitoka kwa mtungaji peke yake. Mchunguzi huandika kuwa fulani alisema hivi na hivi. Swali lililoyavuta maneno yale halitajwi, wala aliyeuliza, wala lugha iliyotumika. Desturi hii ina hatari yake. Mahojiano ni kazi ya watu wawili, na anayechukua nusu yake akaiita nzima hujenga hoja juu ya ukuta wa upande mmoja. Jambo hili yafaa lipimwe kwa mfano unaojulikana, kisha itazamwe faida yake kwa utafiti wa fasihi ya Kiswahili.

Mfano wenyewe ni kazi ya Transcription Centre, iliyokuwa London tangu mwaka 1962 hata 1977, chini ya uongozi wa Dennis Duerden. Shughuli yake ilikuwa kutengeneza vipindi juu ya fasihi, sanaa, jamii na utamaduni wa Afrika, kuvinasa katika kanda, na kuvipeleka kwa stesheni za redio za Afrika na za kwingineko. Kipindi chake kilichopata jina kiliitwa Africa Abroad. Mwaka 1972 Duerden, pamoja na Cosmo Pieterse, alikusanya sehemu ya mahojiano ya waandishi katika kitabu kiitwacho African Writers Talking. Humo wamo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na J. P. Clark wa Nigeria. Ama Ata Aidoo na Kofi Awoonor wa Ghana. Ezekiel Mphahlele, Alex La Guma na Mazisi Kunene wa Afrika Kusini. Kwa upande wa Afrika ya Mashariki wamo Ngugi wa Thiong'o, Okot p'Bitek, Taban lo Liyong, John Nagenda na Robert Serumaga. Hayumo hata mmoja ambaye jina lake lilijengwa na utungo wa Kiswahili. Upungufu huo utarudiwa mbele. Kwanza ni haki kutaja yaliyo mema katika kazi hii, maana si machache.

Wema wa kwanza ni kwamba waulizaji wengi walikuwa watu wa sanaa. Lewis Nkosi, aliyehoji waandishi kadhaa katika miaka ya mwanzo, alikuwa amefanya kazi katika gazeti la Drum huko Johannesburg kabla ya kutoka kwao bila ruhusa ya kurudi. Robert Serumaga wa Uganda, aliyekuwa mhojiwa mahali pamoja, alikuwa mwulizaji mahali pengine. Mtu wa namna hiyo haulizi ili kujaza saa ya redio. Amekisoma kitabu, anajua mahali kilipo kizito, na mhojiwa akijibu kwa maneno ya juu juu humrudisha kwenye jambo. Mtangazaji mwenye sauti nzuri asiyesoma kitu humwuliza mtungaji alizaliwa wapi na alianza kuandika lini, akashukuru na kufunga. Mahojiano ya namna ya pili yanajaa katika maghala ya redio nyingi duniani, na faida yake kwa uhakiki ni ndogo.

Wema wa pili ni tarehe. Okigbo alihojiwa na Nkosi mjini Ibadan mwaka 1962, akahojiwa tena na Serumaga mwaka 1965. Mwaka 1967 aliuawa katika vita vya Biafra, na mkusanyo wa mashairi yake, Labyrinths, ukatoka mwaka 1971 akiwa amekwisha kufa. Hakuacha kitabu cha maisha yake. Basi mahojiano hayo mawili, yenye miaka mitatu kati yake, ni miongoni mwa mashahidi wachache wa jinsi mshairi huyu alivyoiona kazi yake ilipokuwa ikikua. Lau kanda zingalifutwa baada ya kipindi kutangazwa, kama ilivyo kawaida ya stesheni zenye uhaba wa kanda, ushahidi huo ungalizikwa naye. Hazikufutwa. Zilinakiliwa, zikachapwa, na kumbukumbu za Transcription Centre zikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, Marekani. Kwamba mchunguzi wa Ibadan au wa Kampala alazimika kuvuka bahari ili azione ni jambo la kusikitisha, walakini ziko.

Hata hivyo mahojiano hayohayo ya Okigbo yaonyesha mahali penye shaka. Alipohojiwa na Nkosi alisema kwamba alipokuwa akitunga Heavensgate alikuwa chini ya mvuto wa watunzi wa muziki wa Ulaya, mathalan Debussy na Ravel. Kauli hiyo imetajwa mara nyingi na wahakiki. Lakini shairi lenyewe lafunguliwa mbele ya Idoto, mto unaoheshimiwa wa kijijini kwao Ojoto. Kati ya muziki wa Ulaya na mto wa Ojoto hapana lazima ya ugomvi; mtu mmoja aweza kubeba vyote viwili. Lililopo ni kwamba mshairi huchagua lipi la kutoa kwa kadiri ya anayemsikiliza. Mbele ya mwandishi mwenziwe, katika Kiingereza, kwa kipindi kitakachosikiwa na watu wasioijua Ojoto, majina ya Ulaya yalikuwa sarafu inayopokelewa na wote. Angaliulizwa na mzee wa kwao, kwa Kiigbo, huenda angalianza na Idoto. Mhakiki anayeitaja kauli ile peke yake, bila kusema ilitolewa wapi na kwa nani, ameigeuza kauli ya siku moja kuwa imani ya maisha mazima.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Mwezi wa Juni mwaka 1962 palifanyika katika Chuo cha Makerere, Kampala, mkutano wa waandishi wa Afrika watumiao Kiingereza. Nkosi na Okigbo walihudhuria, pamoja na wengi wa wale ambao baadaye sauti zao zilinaswa kwa ajili ya London. Mwezi huohuo alifariki Shaaban Robert, mwandishi wa Kusadikika na Adili na Nduguze. Ngugi, aliyekuwa mwanafunzi wa Makerere wakati huo, alikumbusha mwaka 1986 katika Decolonising the Mind kwamba yeye aliingia mkutanoni kwa hadithi fupi chache, hali jina la mkutano lilimfungia mlango Shaaban Robert kwa kuwa aliandika Kiswahili, kama lilivyomfungia Fagunwa aliyeandika Kiyoruba. Mkutano ule ulikuwa wa siku chache. Redio iliufuata mpango uleule kwa miaka mingi, na ndiyo maana orodha ya wahojiwa wa London yafanana sana na orodha ya waalikwa wa Kampala.

Si kweli kwamba waandishi wa lugha za Afrika hawakuwako kabisa. Mazisi Kunene alitunga kwa Kizulu. Okot p'Bitek alikuwa ameandika riwaya ya Kiacholi, Lak Tar, mwaka 1953, na utungo wake mkuu ulianza kwa Kiacholi kabla ya kutoka kwa Kiingereza mwaka 1966 kwa jina la Song of Lawino. Asili yake, Wer pa Lawino, haikuchapwa ila mwaka 1969. Wote wawili walihojiwa, lakini walihojiwa kwa Kiingereza. Tazama basi hali ya mtungaji wa namna hii. Kabla hajasema lolote juu ya neno alilolichagua, sharti kwanza alieleze neno lenyewe. Kabla hajatetea mpango wa shairi lake, sharti aeleze kwamba kwao kuna mashairi yenye mpango. Muda wa kipindi ni mfupi. Sehemu kubwa huishia katika utangulizi, na mjadala wenyewe haufikiwi. Msikilizaji huondoka akimjua mtungaji kuwa mwakilishi wa kabila lake, asimjue kuwa fundi.

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili ataiona hasara hiyo mara moja akiipeleka kwenye fani anayoijua. Mshairi akiulizwa kwa Kiswahili, mwulizaji aweza kuanzia ndani ya nyumba: kwa nini kina cha kati kimeachwa katika ubeti huu, kwa nini mizani ya mshororo wa mwisho imepunguzwa, kituo hiki chajibu kituo cha nani. Akiulizwa kwa lugha ya kigeni, vina, mizani na vituo vyote hugeuka kuwa mambo ya kufafanuliwa, na ufafanuzi si uhakiki. Yaweza kujibiwa kwamba Kiingereza kilifanya kipindi kimoja kisikike Lagos na Kampala vilevile, na jibu hilo ni la haki. Lakini Kiswahili nacho kilikuwa na mawimbi yake. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza London mwaka 1957, miaka mitano kabla ya Transcription Centre. Sauti ya Ujerumani ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1963. Na Dar es Salaam, Unguja, Nairobi na Mombasa zilikuwa zimekwisha kutangaza kwa lugha hiyo. Njia ya sauti ilikuwapo. Kilichokosekana ni mpango wa kuwauliza watungaji maswali ya kina kwa mfululizo, kuyanakili majibu na kuyatia katika kitabu kimoja chenye kujulikana kama kile cha mwaka 1972.

Jambo jingine ni fedha. Transcription Centre ilisaidiwa na Congress for Cultural Freedom, chama kilichosaidia pia mkutano wa Makerere. Mwaka 1966 na 1967 ilifichuliwa kwamba chama hicho kilikuwa kikipata fedha kwa siri kutoka Idara ya Ujasusi ya Marekani. Wako waliotaka kuitupa kazi yote kwa sababu hiyo. Hukumu hiyo ni kali mno, kwani neno la Achebe au la La Guma halikuwa mali ya aliyenunua kanda, na wahojiwa hawa hawakuwa watu wa kuimbishwa. Athari ya fedha yafaa itafutwe mahali pengine: katika uchaguzi wa nani aalikwe, na kwa lugha gani. Mwenye mfuko hana haja ya kubadili jibu la mtu ikiwa amekwisha kuamua ni nani atakayeulizwa. Kwa hiyo jina la aliyegharimia ni sehemu ya ushahidi, kama ilivyo tarehe.

Kwa Mswahili, hoja kwamba jibu halitengani na swali lake haikuja na redio. Ushairi wa pwani umejaa majibizano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi mengi katika mabishano ya wakati wa Mazrui, ambapo Mombasa ilishindana na Lamu na baadaye na Sayyid Said wa Unguja. Na Lamu ilikuwa na washairi wake, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi. Mashairi ya Muyaka yaliokolewa na William Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na William Hichens akayachapa mwaka 1940 katika Diwani ya Muyaka. Kwa watu hao wasomaji wana deni kubwa. Lakini yeyote aliyejaribu kuyasoma mashairi hayo bila kujua yalichokozwa na nini anajua taabu yake. Ubeti waweza kuwa mwepesi kwa maneno na mzito kwa maana, kwa sababu ni nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili imepotea. Mohamed Abdulaziz, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya Muyaka, alijitahidi kuyarudisha mashairi katika matukio na mabishano yaliyoyazaa, na palepale mengi yaliyokuwa fumbo yakaanza kusema. Kazi hiyo ilikuja karibu miaka mia na arobaini baada ya mshairi kuzikwa. Miaka hiyo ni bei ya kutunza majibu bila maswali.

Somo la pili la Muyaka ni la lahaja. Mashairi yake ni ya Kimvita, na katika Kimvita nchi ni nti, macho ni mato. Mnakili anayesahihisha nti kuwa nchi huenda akadhani amemsaidia msomaji, kumbe ametia ufa katika kina: mshororo uliokuwa ukikoma kwa -ti sasa wakoma kwa -chi, na ubeti mzima umepinda. Yaliyo kweli kwa shairi ni kweli kwa mazungumzo. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya tangu 1969 hata 1972 na ambaye mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, aliandika kwa Kimvita kwa makusudi. Mahojiano ya mtungaji kama huyo yakinakiliwa kwa Kiswahili Sanifu kilichonyoshwa, yatakuwa yamefuta mojawapo ya hoja zake kuu kabla msomaji hajaifikia. Abdilatif mwenyewe baadaye alifanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, toka mwaka 1979 hata 1986. Historia yake yaonyesha kwamba fasihi ya Kiswahili, kama ile ya London, ilikuwa na watungaji waliojua meza ya redio kwa pande zote mbili.

Yatakiwa pia kukumbukwa kwamba kitabu hakichukui yote yaliyomo katika kanda. Kicheko, kusita, swali lililorudiwa, jibu lililoanzwa likaachwa: hayo hupungua au hupotea katika kuchapa. Katika lugha ambayo mashairi yake huimbwa, upotevu huo ni mkubwa zaidi. Mshairi akiombwa asome ubeti wake mwenyewe, naye akauimba, amekwisha kujibu maswali mengi ya mizani na ya mapumziko ambayo karatasi haiwezi kuyajibu. Basi chapa haitoshi kuwa badala ya kanda. Ni kiongozi cha kumfikisha mtu kwenye kanda.

Kutokana na mfano huu wa London yapatikana masharti machache kwa yeyote atakayekusanya mahojiano ya watungaji na wataalamu wa Kiswahili. Swali liandikwe kwa ukamilifu, pamoja na jina la mwulizaji, mahali, siku na aliyegharimia. Lugha na lahaja ya mhojiwa iachwe kama ilivyotamkwa, na ufafanuzi uwekwe kando. Mwulizaji awe ameisoma kazi, na awe tayari kumpinga mwenyeji wake kwa adabu. Maana heshima isiyouliza kitu humnyima mzee nafasi ya kuonyesha elimu yake. Mwisho, kanda itunzwe mahali ambapo wanafunzi wa lugha yenyewe waweza kuifikia. Masharti haya hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji uangalifu, na taasisi za Kiswahili ndizo zinazopasa kuyashika, kwani stesheni ya redio hufikiri juu ya kipindi cha kesho, na mchunguzi hufikiri juu ya msomaji asiyezaliwa bado.

Kipimo cha hasara ni Shaaban Robert. Wahakiki hubishana mpaka leo juu ya Kusadikika: je, nchi ile ya kufikirika na baraza lake lililomshitaki Karama ni sura ya serikali ya kikoloni, au ni fumbo la jeuri ya watawala wa zama zote? Yako maandiko yake juu ya maisha yake, lakini mtu anayeandika wasifu wake hujibu maswali aliyojiwekea mwenyewe. Yale asiyopenda kuulizwa huyapita kimya. Mwulizaji hodari, aliyekisoma kitabu na anayekijua Kiswahili, angaliweza kumfikisha kwenye swali hilo na kungoja. Jibu lake lisingaliumaliza ubishi, kwa kuwa mtungaji si hakimu wa mwisho wa kazi yake. Lingaliupa ubishi nguzo. Katika mwezi uleule alipofariki, mjini Kampala walikusanyika wahojaji na wahojiwa wa baadaye, nao waliitwa kwa lugha nyingine.

Kitabu cha Duerden na Pieterse kinastahili kuendelea kusomwa na kutumiwa. Kisomwe lakini kama majibizano yanavyosomwa pwani: pande zote mbili zikisikilizwa, na msomaji akiuliza kila mara ni nani aliyeanza, kwa neno gani, na mbele ya nani. Watungaji wa Kiswahili walio hai leo wanazeeka, na wengi wao hawajaulizwa bado kwa lugha yao na mtu aliyewasoma.